Asili ya Majina Yetu, kutoka Musumba hata Kolwezi

Mara nyingi vijana hutujia parokiani huku Kolwezi wakiwa na karatasi mkononi. Hawataki cheti cha ndoa. Wataka kujua babu ya babu yao alikuwa nani, na alitoka nchi gani. Wengine wamesukumwa na ndugu walioko Ubelgiji au Marekani, ambao watoto wao huulizwa shuleni habari za ukoo nao hawana la kujibu. Basi kijana huandika jina lake juu ya karatasi, hutafuta jina lilo hilo katika vitabu vya zamani, na akiliona hufurahi sana, akidhani amempata mzee wake. Nasi hutuwia vigumu kumwambia ya kwamba pengine amempata mtu mwingine kabisa.

Wasomaji wapenzi, jina la Mzungu hupita kutoka baba hata mwana kama nyumba ya urithi. Majina yetu hayakwenda hivyo. Mengine ni viti, mengine ni habari za siku ya kuzaliwa, mengine ni makosa ya karani. Asiyejua kuyatenganisha atapotea njia kabla ya kufika kwa babu yake wa tatu. Tuanzie Musumba, kwa kuwa huko ndiko koo nyingi za nchi hii, na za Angola na Zambia pia, husema zilitoka.

Musumba ni mji wa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, katika nchi ya Kapanga. Kutoka Kolwezi ni kama kilomita 400 kwa ndege. Kwa njia ya Mutshatsha, Kasaji na Sandoa ni mbali zaidi, na wakati wa masika usiulize. Neno lenyewe musumba maana yake ni makao ya mfalme. Zamani kila mfalme mpya alijenga musumba wake mahali papya, katika nchi ile ile ya mto Kalanyi, na wazee husema mji ulipangwa kwa mfano wa kobe, mwenye kichwa na mkia. Basi hapo pana fundisho la kwanza kwa mwenye kutafuta wazee wake. Ukisoma katika kitabu cha msafiri wa mwaka 1847 au 1876 ya kwamba fulani alizaliwa "Musumba", usidhani ni mahali panapoitwa hivyo leo. Ni palipokuwa na mfalme mwaka ule.

Yasimuliwa ya kwamba hapo kale palikuwa na mzee mmoja kando ya Kalanyi, jina lake Nkond, mwenye wana wawili wanaume, Chinguli na Chinyama, na binti aitwaye Ruwej. Siku moja mzee alikuwa akisuka mkeka, na kando yake chungu cha maji. Wanawe wakaja wamelewa, wakadhani yale maji ni pombe ya mchikichi ambayo baba yao amewanyima, wakampiga. Kwa uchungu wake mzee akawanyima urithi, akampa Ruwej ile lukano, yaani bangili ya ufalme. Baadaye akatokea mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, upande wa mashariki, jina lake Chibinda Ilunga. Ruwej akaolewa naye, akamvisha bangili. Ndugu zake hawakukubali kutawaliwa na mgeni, wakaondoka na watu wao kwenda machweo ya jua. Ndiyo maana hata leo katika Angola wako watu waitajao Chinguli kuwa chanzo chao, na Waluvale humtaja Chinyama.

Hatusemi kila neno la hadithi hii lilitendeka. Wenye elimu wamebishana juu yake miaka mingi. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, Chibinda ni neno la kumtaja mwindaji. Maana yake katika mlango wa ukoo mkubwa kupita wote twakuta jina la kazi. Pili, wafalme wa Musumba wenyewe husema wazi ya kuwa baba wa ukoo wao alikuwa mgeni aliyekuja na upinde wake. Wenye nchi wa zamani, waitwao tubungu, hawakufukuzwa, bali wana kazi yao katika kumsimika mfalme mpaka sasa.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapoteza wengi. Kwa desturi ya Walunda, mtu akirithi cheo hurithi na jina, na pamoja na jina hurithi udugu wote wa yule wa kwanza. Akiwa wa kwanza alikuwa mwana wa Mwata Yamvo, basi kila mwenye jina lile, hata akiwa wa kumi na tano, ataitwa mwana wa Mwata Yamvo, hata ikiwa kwa damu hawana uhusiano wowote. Vivyo hivyo mama wa mfalme. Pale Musumba kuna cheo cha Lukonkeshia, ambacho mwanamke hukirithi akawa mama wa mfalme, ingawa hakumzaa, na pengine ni mdogo kwake kwa umri. Mwandishi asiyejua akisikia "huyu ni mama yake" ataandika mama, na kitabu kitakuwa na uongo ambao hakuna mtu aliyeusema.

Mfano mzuri ni Kazembe. Katika karne ya 18 jeshi la Walunda lilivuka mto Lualaba kwenda mashariki. Yasemwa ya kuwa sababu moja ilikuwa chumvi ya mabonde ya huku kwetu, na kwamba mzee Chinyanta alizamishwa mtoni na mkubwa wake Mutanda kwa sababu alimfunulia Mwata Yamvo habari za chumvi hiyo. Mwata Yamvo akamfariji mwana wa marehemu, Ng'anga Bilonda, kwa kumpa jina la Kazembe. Watu wake wakaendelea mpaka Luapula, na ufalme huo upo hata leo katika nchi ya Zambia. Mwingereza Ian Cunnison, aliyekaa kwao na kutoa kitabu mwaka 1959, alishangaa kuona ya kuwa mwenye jina akisimulia habari za miaka 200 iliyopita hasemi "babu yangu alivuka", husema "mimi nilivuka". Hasemi uongo. Ni kiti kinachosema.

Tufurahi pia kwa kuwa kazi ya kuandika habari hizo ilimshirikisha padri. Mwata Kazembe wa 14, Shadreck Chinyanta Nankula, aliyetawala tangu 1941 hata 1950, aliyakusanya masimulizi ya wazee wake akisaidiwa na Padri Edouard Labrecque wa Mapadri Weupe. Kitabu kikatoka mwaka 1951 kwa lugha ya Kibemba, na jina lake maana yake ni "Wazee Wangu na Watu Wangu". Ni wafalme wachache waliofanya hivyo, na wazee wetu wengi wamekufa na vichwa vimejaa, hakuna aliyechukua kalamu.

Mwenye kusoma vitabu vya wasafiri ajihadhari na maandishi yao. Jina la Mwata Yamvo peke yake limeandikwa kwa namna nyingi: Livingstone aliandika Matiamvo, Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyefika Musumba mwaka 1887, aliandika Muatiânvua, na Walunda wenyewe hutamka Mwant Yaav. Ruwej ni Lueji, ni Luweji. Wajerumani wawili, Paul Pogge na Max Buchner, walifika huko kabla ya Carvalho, kila mmoja na sikio lake la Kijerumani. Twasema hivi ili msomaji akiona tofauti asikate tamaa, na akiona mfanano asishangilie upesi. Mushidi wa Walunda, aliyewafukuza Wachokwe pamoja na ndugu yake Kawele na kufa mwaka 1909 baada ya kushindana na Wabelgiji, si Mushidi wa Bunkeya. Huyu wa pili ndiye yule tumwitaye Msiri, na mmisionari Dan Crawford alimwandika Mushidi katika kitabu chake. Kijana mmoja aliwahi kuwaunganisha hao wawili katika mti wa ukoo wake, akajipatia damu ya falme mbili kwa siku moja!

Msiri naye alikuwa mgeni. Jina lake la utoto ni Ngelengwa, mwana wa Kalasa, kutoka nchi ya Wasumbwa, upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Baba yake alikuja Katanga kufanya biashara ya shaba, mwana akaja kukaa, na kabla ya mwaka 1891 alipopigwa risasi na Kapteni Bodson, Bunkeya ulikuwa mji mkubwa uliojulikana pwani zote mbili. Watu wake waliitwa Wayeke, jina ambalo kwao Unyamwezi lilikuwa la chama cha wawindaji wa tembo. Tazameni tena: kazi imegeuka kuwa kabila. Mwenda ni jina la kiti chao, na Antoine Mwenda Munongo, aliyekalia kiti hicho tangu 1956, alitoa mwaka 1967 kitabu cha historia ya Wayeke. Ikiwa bibi yako husema kwao ni Bunkeya, basi pengine nusu ya njia yako inaelekea Ziwa Tanganyika, si Musumba.

Kisha ikaja migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni wafanyakazi wengi walitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na walikaa miezi tu wakarudi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilitaka watu wa kukaa pamoja na wake na watoto, ikawaandika katika Kasai, Lomami na hata Ruanda-Urundi. Reli ya Bukama mpaka Port-Francqui, iitwayo sasa Ilebo, ilipokwisha mwaka 1928, watu wa Kasai walishuka kwa wingi. Kolwezi ukaanza kujengwa mwaka 1937. Hivyo katika kambi moja, nyumba mstari mmoja, walikaa Mlunda, Mluba, Mchokwe, Msanga na Mbemba, na watoto wao wakakua kwa Kiswahili.

Hapo ndipo karani alipofanya kazi yake. Mfanyakazi aliulizwa: "Jina lako nani?" Naye alijibu kwa desturi ya kwao. Mmoja alitaja jina la kuzaliwa, wa pili jina la babake, wa tatu jina alilojipatia mjini. Ndugu watatu wa tumbo moja walitoka ofisini na majina matatu. Karani Mluba alisikia kwa sikio la Kiluba, Mbelgiji kwa sikio lake, na lililoandikwa ndilo lililokwenda kwenye mshahara, na la mshahara ndilo lililokwenda shuleni kwa mtoto.

Msidhani jambo hili ni la Waafrika tu. Wajerumani waliohamia Marekani zamani wana shida ile ile. Mwaka 1683 familia 13 kutoka mji wa Krefeld zilifika Pennsylvania, na mahali walipojenga paliitwa Germantown. Walifuatwa na maelfu. Tangu 1727 wanaume walioshuka melini katika Philadelphia walipaswa kuandikwa na kula kiapo, na orodha zile zipo hata leo. Lakini aliyeandika mara nyingi alikuwa Mwingereza, na asiyejua kuandika aliweka alama tu. Baadaye, kwa kukaa na majirani Waingereza, Müller alikuwa Miller, na Zimmermann, yaani seremala, akageuzwa Carpenter kwa tafsiri. Tena orodha zile zilitaja hasa wanaume wa miaka 16 na zaidi. Mama na binti walishuka melini kimya. Wajukuu wao huko Marekani wakitaka kuwaona akina mama hao hurudi kwenye vitabu vya kanisa, kwa sababu padri au mchungaji alipombatiza mtoto aliandika na jina la mama.

Nasi tuna vitabu hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimwamuru kila paroko kuwa na vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na wafu. Na Sheria mpya ya 1983 imeshika agizo la vitabu hivyo. Ukifunguliwa ukurasa wa zamani utaona maneno ya Kilatini, na babu yako Yosefu ni Josephus, usiogope. Tafuta jina la baba, jina la mama, kijiji, na jina la baba wa ubatizo. Pembeni pameandikwa kwa wino mwingine siku ya ndoa yake na mahali alipooa. Maneno hayo ya pembeni ndiyo dhahabu. Mtu aliyebatizwa Sandoa akaoa Kolwezi, pembeni utamwona akisafiri.

Lakini kati ya kitabu cha ubatizo na kitambulisho cha leo kuna mto mwingine wa kuvuka. Mwaka 1972 Rais Mobutu alibadili jina lake, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Padri aliyempa mtoto jina la mtakatifu mbele ya watu alitishiwa kifungo. Gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilisimamishwa kwa yale liliyoandika, na Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa muda. Watu wazima wakajitafutia jina la pili la Kiafrika la kuandika badala ya Yosefu na Maria. Mmoja alichukua la babu, ndugu yake akachukua la mjomba, wa tatu akachukua la mto wa kwao. Majina ya ubatizo yalirudi hadharani baada ya 1990, lakini yale ya 1972 hayakuondoka. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na karatasi nne zisizofanana, na zote ni halali.

Lazima tuseme na jambo chungu. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, katika Likasi kwanza, kisha hapa Kolwezi, maelfu kwa maelfu. Walilala stesheni wakingoja gari la moshi, na wengi, watoto hasa, walifia hapo au njiani. Watu walitambuliwa kwa nini? Kwa majina. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku, na baba zao walizaliwa huku. Jina kama Ilunga liko kwa Waluba wa Kasai na kwa Waluba wa Katanga, na kama tulivyoona, liko katika mlango wa nyumba ya Musumba. Mtu aliyesimama njiani akiuliza jina ili ajue mgeni ni nani alikuwa akiuliza kitu ambacho jina haliwezi kujibu. Siku zile wengine walichoma karatasi zao, wengine waliandikisha watoto kwa jina la mama. Leo watoto hao ni watu wazima, na ndio wanaotujia na karatasi mkononi.

Basi twawashauri nini? Anzeni na mzee aliye hai, leo, kabla ya kwenda kwenye kitabu chochote. Msimwulize jina tu. Mwulizeni ni nani aliyempa jina hilo, na alikuwa somo wa nani. Mwulizeni mto wa kwao na mfalme wao, maana mto hauhami upesi. Mwulizeni kama jina ni la kiti au la kuzaliwa. Majina ya kuzaliwa yana habari ndani yake: kwa Waluba wa Kasai mapacha ni Mbuyi na Kabanga, kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange, kwa Wanyamwezi Kulwa na Doto. Tena mwulizeni habari za mama na za bibi. Walunda wa Musumba huhesabu ukoo pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na mwenye kufuata wanaume peke yao ameacha nusu ya watu wake njiani.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja ambaye baba yake alipanda gari la moshi mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka tisa. Alijua jina la babu yake, na kwamba alibatizwa katika kambi moja ya mgodi. Tulitafuta saa mbili. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi tofauti na zake, lakini mama alikuwa yule yule aliyemtaja, na kijiji cha Kasai kilikuwa kile kile. Baba wa ubatizo alikuwa mtu wa Kapanga. Kijana aliinakili mistari yote polepole, kisha tukamwonyesha kitu ambacho yeye hakukiona: jina la babu yake ni lile wanalopewa mapacha wa pili. Hakuna mtu nyumbani kwao aliyewahi kusema ya kuwa babu alizaliwa na mwenzake. Tulirudi nyuma ukurasa mmoja, tukasonga mbele miwili, hakuna. Akaandika "Mbuyi" juu ya karatasi yake, akaweka alama ya kuuliza, akasema shangazi ya baba yake bado yu hai huko Mwene-Ditu, na kwamba Jumamosi atampigia simu.